Kimya cha Kobe Si Utulivu

Majira ya kuchipua yamerudi hapa North Carolina, mvua zimelainisha ardhi, na kobe waliojifukia tangu baridi ilipoanza wameanza kuonekana: kwenye vijia vya msituni, nyuma ya mabweni, na kwa bahati mbaya katikati ya barabara. Kila mwaka wakati kama huu wapo wanafunzi wanaowaokota na kuwapeleka chumbani. Kwa hiyo swali lililotufikia baada ya kikao cha mwezi uliopita halikutushangaza. Mwanachama mmoja alituandikia kwamba mwenzake wa chumba ameokota kobe karibu na kijito, amemweka ndani ya tangi la kioo, na sasa ni wiki ya tatu kobe hajala kitu. "Lakini hasumbui," aliandika. "Ametulia tu, macho amefumba. Je, ndiyo amezoea?"

Jibu letu ni fupi: hapana, hajazoea. Kobe huyo anaumwa, au yuko njiani kuumwa. Tulimshauri mwenzetu siku ileile wampeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia. Hata hivyo, swali lenyewe linastahili maelezo marefu, kwa sababu kosa lililomo ndani yake ni la watu wengi. Tumezoea mbwa anayelia na paka anayekwaruza mlango. Kobe halii wala hakwaruzi, nasi tunadhani ameridhika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kobe huyu ni nani?

Tuanze na lugha, maana hii ni klabu ya lugha. Wamarekani wana neno moja wanalolitumia kwa wengi. Sisi Waswahili tunatofautisha: *kasa* ni wa baharini, mwenye miguu kama makasia, *kobe* ni wa nchi kavu, na pia humwita hivyo yule wa mitoni na madimbwini. Anayeokotwa zaidi katika misitu ya huku ni yule ambaye jina lake la Kiingereza lina maana ya kobe wa sanduku. Sisi tutamwita kobe sanduku. Gamba lake la tumboni lina bawaba, kama ya mlango. Akiogopa huvuta kichwa na miguu ndani, kisha hufunga gamba juu na chini mpaka hata ukucha hauingii. Jimbo hili lilimfanya kuwa reptilia wake rasmi mwaka 1979.

Jambo la pili la kumjua ni kwamba kobe huyu ana kwao, na kwao ni padogo. Mwaka 1944 mtafiti Lucille Stickel alianza kuwawekea alama kobe sanduku katika kituo cha utafiti cha Patuxent, jimboni Maryland. Aliwafuatilia siku hadi siku, na akakuta kwamba eneo analozunguka dume mzima lina upana wa wastani wa futi 330, na la jike futi 370. Hizo ni mita 100 hadi 113 hivi, kama urefu wa uwanja wa mpira. Baadhi ya kobe wake waliendelea kuonekana katika msitu uleule miongo kadhaa baadaye.

Ndani ya eneo hilo dogo kobe anajua kila kitu: uyoga unaota wapi baada ya mvua, dimbwi gani halikauki Julai, gogo lipi lina konokono, na shimo lipi lilimhifadhi majira ya baridi yaliyopita. Ukimhamisha, hata kwa kilomita chache tu, mara nyingi haanzi maisha mapya. Huanza safari ya kurudi. Wapo wanaotembea hivyo kwa muda mrefu, wakivuka barabara moja baada ya nyingine, wengine wasifike. Mwenye tangi la kioo ataona jambo hilohilo kwa umbo jingine: kobe anatembea kando ya kioo saa nzima, anasukuma kwa pua, anapanda kona, anaanguka, anarudia. Watu hucheka na kusema anafanya mazoezi. Ukweli ni kwamba anatafuta njia, na kioo hakielewi kwa sababu porini hakuna ukuta unaoonekana kama hewa.

Msongo unavyomla

Kobe anapokamatwa, mwili wake hufanya kama miili yetu sisi tunapokutana na hatari. Tezi zilizo karibu na figo humwaga homoni za msongo, sukari hupanda katika damu, na nguvu zote huelekezwa kwenye kujiokoa. Kwa hatari ya dakika kumi, kama mbweha anayenusa gamba halafu akaondoka, mpango huu ni mzuri sana. Taabu huja hatari isipoondoka. Chumbani hatari haiondoki: kuna muziki, taa zinazowaka mpaka usiku wa manane, mikono inayomnyanyua kila mgeni anapokuja, na nyuso kubwa zinazochungulia kutoka juu, upande ambao porini hutoka adui. Homoni zinabaki juu siku baada ya siku. Hapo hamu ya kula hupotea, chakula hakisagiki vizuri, na kinga ya mwili hudhoofika.

Kinga ikidhoofika, maradhi hayahitaji kutoka mbali. Kobe wa porini karibu wote hubeba minyoo na vimelea vingine tumboni, na bakteria mdomoni na puani. Akiwa kwao, mwili unawadhibiti, na wote wanaishi pamoja bila ugomvi mkubwa. Akiwa na msongo, wapangaji hawa huwa wenye nyumba. Ndiyo maana kobe aliyeokotwa akiwa mzima kabisa anaweza kuwa mgonjwa mahututi baada ya mwezi, na aliyemwokota akaapa kwamba hakumfanyia lolote baya. Mara nyingi anasema kweli. Kumtoa kwao kulitosha kuanzisha yote.

Ongezeni jambo la joto. Kobe hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Porini hujitibu kwa miguu: akihisi baridi anakwenda juani, akichomwa anaingia chini ya majani. Anahitaji mchana wenye nyuzijoto kama 24 hadi 29, pamoja na kona iliyo baridi zaidi ili achague mwenyewe. Katika chumba chenye kipoza hewa, tangi zima lina joto moja, tena la chini. Tumbo linasimama, chakula kinachacha ndani, na kinga inazidi kulala. Kinyume chake nacho ni kibaya: tangi likiwekwa dirishani penye jua kali, kioo hulifanya kuwa tanuri, naye hana pa kukimbilia.

Dirisha lina udanganyifu mwingine. Kobe anahitaji miale ya jua ya urujuanimno, aina ya UVB, ili ngozi yake itengeneze vitamini D, na bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia madini ya kalsiamu. Kioo cha kawaida huzuia karibu miale hiyo yote. Kwa hiyo kobe anayeonekana anaota jua dirishani hapati kile alichokifuata. Mifupa hulainika polepole, na kwa kobe gamba ni mfupa pia: limeungana na mbavu na uti wa mgongo, na analihisi likiguswa. Tafadhali, wanaopenda kumpaka kobe rangi au kutoboa gamba lake ili wamfunge kamba wakumbuke hilo.

Dalili za kuangalia

Kwa kuwa kobe hasemi, na kwa kuwa mnyama anayewindwa huficha udhaifu wake mpaka mwisho, dalili tunazoziona ni za hatua za mwisho. Mdharau mwiba mguu huota tende. Hapa tende huwa imeshaota tunapoanza kutazama. Hizi ndizo tunazoomba kila mtu azijue.

Macho yaliyovimba au yasiyofunguka mara nyingi ni ishara ya upungufu wa vitamini A, hasa kwa kobe anayelishwa majani ya saladi tu. Kobe sanduku si mla majani pekee. Porini hula nyungunyungu, konokono, wadudu, uyoga na matunda madogo yaliyoanguka. Uvimbe mgumu upande wa kichwa, nyuma ya jicho, ni usaha katika sikio. Hautoki wenyewe, daktari huupasua.

Mapovu puani, kupumua kwa mdomo wazi, au kunyoosha shingo kila anapovuta pumzi ni dalili za ugonjwa wa njia ya hewa, ambao huweza kufika kwenye nimonia. Kobe hawezi kukohoa kama sisi ili asafishe mapafu, kwa hiyo ugonjwa huu haungoji wikendi ipite. Gamba lenye madoa laini, harufu au majimaji linaoza. Macho yaliyozama na ngozi iliyokunjamana huonyesha ukavu wa mwili. Kobe sanduku anahitaji unyevu hewani na sahani pana ya maji ya kina kifupi aingie na kuloweka, na vyumba vyetu vyenye mashine za joto wakati wa baridi ni vikavu kama jangwa.

Kupungua uzito ndiyo dalili ya mapema kuliko zote, lakini haionekani kwa macho kwa sababu gamba halikondi. Mizani ndogo ya jikoni huonyesha. Anayemtunza kobe kwa sababu yoyote ile ampime kila wiki na kuandika.

Onyo moja tunaliweka peke yake. Msimpe kobe dawa ya minyoo ya mbwa, ya ng'ombe au ya farasi kwa kusoma maelekezo ya pakiti. Ivermektini, ambayo husaidia wanyama wengi na watu pia, ni sumu kwa kobe na inaweza kumuua.

Wala afya yake si yake peke yake. Kobe huweza kubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuumwa, na kwa mtoto mdogo, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu, kuhara kwa salmonela si jambo la mchezo. Kwa sababu hiyo serikali ya Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba fupi kuliko inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, maana watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumgusa, na usimwoshe kobe wala tangi lake katika sinki la vyombo.

Mmoja tu ana hasara gani?

Tunajua kuna msomaji anayesema: nitanunua taa nzuri, nitamtafutia nyungunyungu, nitamweka vizuri. Huenda akaweza. Wapo kobe waliozoea watu baada ya muda mrefu wa matunzo ya kitaalamu. Lakini hesabu ya msitu inabaki palepale.

Jike wa kobe sanduku huchukua miaka 7 hadi 10, wakati mwingine zaidi, kabla ya kutaga. Kwa kawaida hutaga mayai machache, 3 hadi 6 hivi kwa mara moja. Mengi huliwa na rakuni na mbweha, na wengi wa wanaoanguliwa hawafiki utu uzima. Yeye hulipa deni hilo kwa kuishi muda mrefu, miaka 30, 50, na wachache zaidi, akitaga karibu kila mwaka mpaka angalau watoto wawili wachukue nafasi yake na ya dume. Ukimtoa jike mzima mmoja leo, umeondoa mayai ya miaka 30 ijayo. Kwa msitu, kobe aliye salama ndani ya tangi na kobe aliyekufa ni sawasawa.

Hilo limeshatokea kwa wingi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, kobe sanduku walikuwa wakisafirishwa kwa maelfu kutoka Marekani kwenda Ulaya kuwa vipenzi. Katika mkutano wa CITES wa mwaka 1994 huko Fort Lauderdale, nchi zilikubaliana kuwaweka katika Orodha ya II, ili biashara ya kimataifa idhibitiwe kwa vibali. Ndani ya Marekani sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo. Indiana, kwa mfano, inakataza kumchukua kobe huyu porini kabisa. North Carolina inakataza kuwakusanya kwa biashara. Anayehamia jimbo jingine asidhani sheria imehamia naye.

Wala tusiwanyooshee kidole wenyeji wetu wa huku peke yao. Wale miongoni mwetu waliotembelea Zanzibar wamewaona kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, waliotokana na kobe wanne walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Waliongezeka, kisha wezi wakaanza kuwabeba kwa ajili ya kuuza nje na kwa kitoweo. Kufikia mwaka 1996 walikuwa wamebaki 7 tu, na ndipo ulinzi ulipoimarishwa. Na yule kobe bapa anayeishi ndani ya nyufa za miamba huko Kenya na Tanzania, ambaye kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja, alichotwa kwa miaka mingi kwa ajili ya wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia. Wakusanyaji walifika hadi kubomoa miamba ili wamtoe, kwa hiyo hata aliyebaki hakuwa na pa kujificha. Mwaka 2019, katika mkutano wa CITES wa Geneva, alihamishiwa Orodha ya I, inayozuia biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Ukimkuta anauzwa mtandaoni kwa jina zuri, uliza karatasi zake.

La kufanya

Ukimkuta kobe msituni, mtazame, mpige picha, mwache. Usiandike mahali hasa ulipomwona katika mitandao ya kijamii, kwa sababu wawindaji wa kobe nao husoma.

Ukimkuta barabarani na pana usalama wa kusimama, mvushe upande ule aliokuwa akielekea. Usimrudishe alikotoka, maana ataanza upya. Usimpeleke kwenye ziwa zuri unalolijua wewe. Kobe sanduku si muogeleaji hodari, na hapo si kwao. Ila hakikisha kwanza ni kobe sanduku. Yule mkubwa mwenye mkia mrefu na kichwa kisichoingia vizuri ndani ya gamba huuma kwa nguvu, naye si wa kunyanyuliwa na asiyejua.

Ukimkuta amegongwa na gari, mweke ndani ya boksi lenye matundu ya hewa, bila maji ndani, mahali pa giza na kimya. Andika mahali hasa ulipomtoa, kwa sababu akipona atarudishwa palepale. Jeraha la gamba linalotisha mara nyingi linatibika. Huko Raleigh, katika chuo cha udaktari wa wanyama cha North Carolina State University, kuna kikundi cha wanafunzi kinachotibu kobe wa porini waliojeruhiwa. Tunawataja kwa furaha, maana ni wanafunzi kama sisi.

Na kama kobe yuko tayari chumbani? Kama ni wa siku chache tu, ni mzima, hajakaa na mnyama mwingine wa jamii yake, na aliyemchukua anapakumbuka mahali pale, basi arudishwe palepale, si kwenye bustani ya chuo. Kama amekaa muda mrefu, au anaumwa, au amechanganyika na kobe wengine, msimwachie porini. Anaweza kupeleka maradhi aliyoyapata ndani, na ranavirusi imewahi kuua kobe sanduku wengi mahali pamoja. Mpigieni daktari wa wanyama au mtunzaji wa wanyamapori mwenye kibali, mseme ukweli wote: alitoka wapi, lini, amekula nini. Wamezoea kusikia habari hizo, na kila siku inayofichwa inamhesabikia kobe, si mwenye chumba.

Anayetaka kufuga kobe kweli, kwa miaka yote ambayo kobe ataishi, aulize vituo vya uokoaji. Vina kobe waliochoshwa na wenyewe, waliozaliwa mikononi mwa watu, wasioweza kurudi msituni. Hao wanahitaji nyumba. Wa msituni wanayo.

*Msamiati wa toleo hili.* Bawaba: chuma au kiungo kinachowezesha mlango kufunguka na kufungika. Kipenzi: hapa, mnyama anayefugwa kwa ajili ya kupendwa, si kwa kazi wala kitoweo. Msongo: hali ya mwili au akili kulemewa. Vimelea: viumbe wanaoishi kwa kumtegemea kiumbe mwingine. Ufa, wingi nyufa: mpasuko mwembamba katika mwamba au ukuta.

Maswali yenu kwa toleo lijalo tunayapokea kama kawaida mwishoni mwa kikao cha Alhamisi.